Simu Haipatikani Namasia

Paicu alizaliwa Namasia, milimani kusini mwa Taiwan, katika kabila dogo la Wakanakanavu. Lugha yao imebaki kwa wazee wachache tu. Wengine wote huongea Kichina. Yeye anaijua kwa sababu alilelewa na mama yake mkubwa, Apuu. Siku hizi anaishi Kilburn, London, na mumewe Thadei, Mtanzania dereva wa basi, na kazi yake ni kutunza wazee. Kila Jumapili asubuhi humpigia simu Apuu, aliyebaki kijijini, wakapiga soga mpaka chai ipoe.

Julai, kimbunga kiliipiga Taiwan. Kwenye taarifa ya habari Paicu aliona daraja la kijijini kwao likisombwa na tope. Akapiga simu. Haikupatikana. Akarudia na kurudia.

Kutwa hakula. Jikoni akaanza kusema peke yake kwa lugha yao: maji, moto, kisu, chumvi. Alipofikia wale kaa wadogo wa mtoni, aliokuwa akiwakamata na Apuu chini ya mawe, jina halikuja.

"Mama Nancy, una nini?" Thadei akauliza.

"Neno limenipotea. Na wa kumwuliza hapatikani."

"Basi ongea na mimi."

"Nikisema kwa lugha yetu, utanijibu nini?"

Thadei akamsogezea kiti. Binti yao, Nancy, akamwambia mama yake kwa Kiingereza akae chini, apumue.

Kesho yake mchana ikaingia namba ngeni. Alikuwa Apuu, akitumia simu ya mwanawe.

"Acha kulia, sikusikii! Niko hai. Lakini nyumba ya jirani imekwenda na tope, naye alikuwamo."

Paicu alimjua bibi huyo. Ndiye aliyekuwa akikaa barazani na Apuu kila siku, wakisemezana kwa lugha yao.

"Sasa wa kuongea naye nimebaki na wewe," Apuu akasema.

Paicu akamwuliza jina la wale kaa.

"Ngoja. Nalijua. Ngoja."

Mwishowe akalitaja, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Apuu amehamia mjini kwa mwanawe, ambako hata wajukuu hawamwelewi. Paicu ameomba likizo ya Oktoba aende kumwona. Meneja amesema ataona. Kila asubuhi, kabla ya shifti, Paicu hupiga simu akiwa amesimama dirishani, na ikiita sana bila kupokelewa, hukata akapiga tena.