Mashahidi Wawili wa Mwalimu Constance

Constance mwenyewe hawezi kuandika habari zake. Atasema hana nafasi, ana madaftari sabini ya kusahihisha. Basi naandika mimi niliyeishia darasa la sita, na asiyependa maandishi yangu amwombe Constance ayasahihishe pia.

Nilimjua huko Fizi, mashariki ya Kongo, mwaka wa 1986. Nilikuwa nauza mandazi kwenye mlango wa institut, shule ya sekondari, na darasa lao la mwisho lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Nilijua nani anakula na nani anatazama tu. Constance alikuwa anatazama. Matokeo ya egzamen ya Leta, mtihani wa serikali, yaliposomwa kwa redio, waliopita walikuwa wanne: Fabien, Dorothée, Norbert na yeye. Kwetu aliyepita anamwagiwa poda mpaka anakuwa mweupe kama mzimu. Poda ya duka ilikwisha kwa wale wengine, basi nilichukua unga wangu wa ngano nikammwagia Constance kichwani. Siku ile sikuuza mandazi, na sikujuta.

Akaja kufundisha mjini Baraka. Vita vya kwanza vikapita, vya pili vikatukuta mwaka wa 1998. Siku tulipokimbia, nyumba zinawaka nyuma yetu, kila mtu alibeba alichoona cha maana: sufuria, godoro, kuku. Constance alibeba boksi la chaki na daftari la majina ya darasa lake. Diplome, cheti cha ule mtihani, ilibaki ndani ya valizi ya nguo, na valizi ikaungua pamoja na nyumba.

"Weye una akili gani?" nilimuuliza njiani. "Unaokoa chaki?"

"Diplome haiandike ku ubao," akanijibu, akaendelea kupanda mlima.

Miaka minne alifundisha porini, juu ya Fizi. Chaki zilipokwisha alitumia muhogo mkavu. Ubao ulikuwa mlango wa nyumba ambayo haikuwa na mwenyewe tena. Mshahara ulikuwa maharage, na miezi mingine hata maharage hayakuwepo. Wazazi waliotaka kuhama kutoka bonde hili kwenda lile waliuliza kwanza: Mwalimu anaelekea wapi? Mume wake alivuka ziwa kutafuta nafasi kambini, Tanzania. Akapata nafasi, akapata na mke mwingine. Constance alibaki na watoto wake watatu na darasa lake, na sijawahi kumsikia akimtukana yule mwanaume. Kazi hiyo alituachia sisi marafiki.

Mwaka wa 2003 tulirudi Baraka, shule zikafunguliwa, na biro, ofisi ya elimu, ikaanza kuandika liste ya walimu. Constance hakuwa na karatasi. Mkubwa wa biro akamwambia: lete watu wawili mliosoma pamoja, waliopita mwaka uleule, na diplome zao mkononi. Mwisho Ijumaa. Ukiwakosa, darasa linapewa mwingine. Huyo mwingine tulikuwa tunamjua, kijana mwenye karatasi safi, na alikuwa ameshakuja mara mbili kulipima lile darasa kwa macho.

Fabien alikuwa amekufa. Walibaki wawili kamili, hakuna wa kuchagua.

Dorothée hakuwa mbali. Alikuwa infirmière, muuguzi wa hospitali, palepale Baraka, mjane, analea watoto wanne wake na watano wa kaka yake, na bado anatembea kama mtu anayechelewa harusini. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Ijumaa? Hata leo!" akasema, akaenda kutafuta diplome yake chini ya godoro.

Norbert ndiye alikuwa na shida. Alikuwa Misisi, kwenye machimbo, ananunua dhahabu. Constance hakutaka kwenda. "Niache batoto na nani?" Nikapanda pikipiki mimi, siku mbili, na sehemu nyingine abiria anashuka kusukuma. Nilimkuta nyuma ya mizani yake, amenenepa, ana wake wawili na watoto kumi na mmoja.

"Mama Shukuru! Hauyakufa bado?"

"Nikikufa, nani atakutukana? Chukua diplome yako. Ijumaa tuko na kazi Baraka."

Nikamweleza. Furaha ilimtoka usoni, akaanza kupangusa mizani ambayo haikuwa na uchafu.

"Dada, niko na kazi mingi. Andika barua, mi nitatia sinyatiri yangu chini."

"Biro inataka muntu. Sinyatiri yako weka ku mizani upime."

"Basi utafute Fabien."

"Fabien tulimuzika. Weye haukuja."

Mke wake mkubwa alikuwa pembeni anachambua maharage. Akainua kichwa, akamtazama mume wake. "Baba Merveille, toka lini unaogopa biro?"

Norbert akaendelea kupangusa mizani. Nilimwambia Ijumaa saa tatu, na akikosa nitarudi kumtukana mbele ya wateja wake wote. Nikapanda pikipiki kurudi nikiwa na hasira, maana nilimdhani mchoyo.

Ijumaa, saa tatu, tulikuwa benchini: Constance, Dorothée, mimi, na yule kijana wa karatasi safi, amevaa shati la mistari. Saa nne. Saa tano, mkubwa akaanza kukusanya karatasi zake. Ndipo Norbert akaingia, tope mpaka kifuani, diplome imefungwa ndani ya sasheti ya plastiki chini ya shati.

Mkubwa alizisoma zile diplome mbili pole pole.

"Muaka ni moja. Sawa, mulisoma pamoja. Lakini munajua namna gani kama yeye alipita?"

"Mi nilimumwangia unga!" nikasema.

"Mama, unga haiko diplome."

"Tulisikia jina lake ku redio," Dorothée akasema.

"Redio inasema mambo mingi."

Norbert akasimama. Alimtazama Constance, halafu akatazama viatu vyake.

"Chef, alipita. Siku ya egzamen nilikala nyuma yake. Hesabu yangu yote nilikopia kwake. Kama yeye hakupita, hii yangu iko ya bongo, ya uongo, uipasue."

Akaisukuma diplome yake mezani, mbele ya mkubwa. Hapo ndipo nilielewa alichokiogopa kule Misisi, na matusi yangu yote ya njiani nikayameza.

"Mwalimu," mkubwa akauliza, "ulijua kama anakopia?"

"Nilijua. Alikuwa anapumua ku shingo yangu kama mbuzi."

"Alipata ngapi, huyu mbuzi?"

"Makumi tano na mbili," Norbert akasema.

"Na yeye?"

"Makumi sita na nane," Norbert akajibu.

"Basi ulikopia mubaya!"

Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. Dorothée alicheka, hata kijana wa shati la mistari alicheka, ingawa kicheko kile kilikuwa kinamnyang'anya kazi. Mkubwa akamrudishia Norbert diplome yake, akachukua kalamu. Constance aliifuata kalamu kwa macho mpaka herufi ya mwisho ya jina lake. Halafu akasimama.

"Niliacha batoto bo peke," akasema, akatoka bila kuaga mtu.

Tulimfuata. Tulipofika alikuwa ameshaanza somo, mgongo kwetu, anaandika. Norbert alisimama mlangoni na tope lake.

"Ingia ao toka," Constance akamwambia bila kugeuka. "Unaziba mwangaza."

Akaingia. Akakaa kwenye benchi la nyuma, magoti yamegusa kidevu, mpaka kengele ikalia.