Mwenyekiti wa Ningu

Daktari alimwambia Ngige Wahome kwamba presha yake imepanda na haina nia ya kushuka, kwa hiyo atafute jambo la kumtuliza roho, jambo lisilo na simu wala wateja. Ngige alikuwa na duka la mbegu na dawa za shamba mjini Kitale, alilorithi kwa babake aliyehamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na kazi yake miaka yote ilikuwa kubishana na wakulima tangu asubuhi hadi jioni. Kukaa kimya hakukujua. Ndiyo maana alipoona kwa muuzaji wa mitumba fimbo ya kuvulia samaki, ile ya kizungu yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, aliona amepata tiba. Kuvua, alifikiri, ni kukaa tu, na kukaa hakuhitaji shule.

Mkewe Gathoni aliitazama ile fimbo ikiwa imeegemezwa sebuleni.

"Baba Lorraine," akasema, "wewe hata samaki akiwa kwa sahani unaogopa miiba."

"Si lazima nimle. Wenye huu mchezo wanamshika, wanampiga picha, halafu wanamrudisha kwa maji."

"Kwa hivyo unaenda tu kumsumbua."

Ngige akamweleza kwamba kuna heshima fulani kati ya mvuvi na samaki. Gathoni akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwa sukuma wiki yake.

Samaki ambaye Ngige alimtaka alikuwa ningu. Alikuwa amesikia habari zake kutoka kwa wateja wa upande wa Bungoma: samaki wa mtoni mwenye nguvu, ambaye mvua ya masika ikianza hutoka ziwani na kuupanda mto Nzoia ili akatage mayai kwenye vijito. Akinaswa, walisema, anapigana kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Ngige akachagua ukingo mzuri karibu na Moi's Bridge, akanunua koti lenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo vya kutia humo, akakaa hapo kila Jumamosi msimu mzima. Alinasa gunia la mbolea. Alinasa kofia yake mwenyewe. Siku moja, alipourusha mshipi kwa nguvu, ndoano ilimshika mkia ndama aliyekuwa akinywa maji nyuma yake, na mwenye ndama akataka kuelezwa huo ni uvuvi wa namna gani. Lakini Jumatatu dukani Ngige alikuwa akisema, "Juzi niliwaona. Walikuwa karibu sana."

Mmoja wa waliosikia hayo ni Wanjala, afisa wa kilimo mstaafu wa Bungoma, aliyekuja kununua mbegu za kabichi. Wanjala alicheka mpaka akashikilia kaunta.

"Ngige, bana. Ningu anatoka chini huko ziwani. Akifika Webuye anakuta maporomoko. Wewe ulikuwa unamngojea juu ya ukuta."

"Hawezi kupanda?"

"Kwani amebeba ngazi?"

Ngige akasema hilo alilijua tangu mwanzo, kwamba pale Moi's Bridge alikuwa akifanya mazoezi tu. Uongo ule ulimtoka kabla hajaupa ruhusa. Jioni, akifunga duka peke yake, alijikumbuka alivyokuwa akinyamaza pale ukingoni ili asiwashtue samaki ambao hawajawahi kufika huko tangu dunia iumbwe, akacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kama kuna shida.

Baada ya hapo Wanjala akamchukua hadi chini ya maporomoko, upande wa Bungoma, ambako kulikuwa na kikundi cha watu wanaovua kwa kujifurahisha: walimu kadhaa, pasta mmoja, na muuguzi aliyeitwa Tonny. Huko Ngige aligundua kwamba hata wenye ujuzi walikuwa wakirudi mikono mitupu. Ningu walikuwa wanakwisha. Mvua ikianza, watu walitandaza nyavu kutoka ukingo hadi ukingo na kutega vikapu kwenye midomo ya vijito, na samaki waliokuwa wakipanda na matumbo yaliyojaa mayai waliishia kwenye mafuta ya kukaangia kabla hawajazaa.

Ngige alikasirika. Tena aliifurahia ile hasira, maana ilikuwa kama kurudi dukani. Alisimama katika kila mkutano akasema mto ufungwe msimu wa mayai, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumshinda kwa sauti, kikundi kikamfanya mwenyekiti. Kwamba mwenyekiti hajawahi kushika samaki hata mmoja halikumsumbua mtu. Tonny alisema huyo ndiye hasa anayefaa, kwani samaki wa mto mzima wako salama mikononi mwake.

Mkutano mkubwa ulifanyika katika ukumbi wa kanisa karibu na mto. Walikuja wenye fimbo, wenye nyavu, wenye vikapu, na akina mama wanaouza samaki sokoni. Wanjala ndiye aliyeongoza kikao. Ngige alivaa lile koti la mifuko na gambuti mpya, akahutubia mpaka jasho likamtoka. Alisema juu ya vizazi vijavyo. Alisema anayemla ningu mwenye mayai anawala na wajukuu wa samaki huyo. Alipoketi, aliona amesema vizuri sana, akajipangusa uso polepole ili watu wapate nafasi ya kupiga makofi.

Aliyesimama ni Nasimiyu, mama wa makamo ambaye wengi walimwita Mama Joy, muuzaji wa samaki wa kukaanga.

"Mzee wa Kitale, nimekusikia," akasema. "Sasa nikuulize. Wewe ukishika ningu unamfanyia nini?"

"Namrudisha majini."

"Akiwa na kidonda kwa mdomo."

"Kidogo tu, Mama."

"Kwa hivyo mimi nikimuuza watu wakule, ni mbaya. Lakini wewe umtoboe mdomo, umpige picha, umwambie pole, halafu uende nyumbani kula kuku, hiyo ndiyo kuhifadhi."

Ukumbi ulicheka, na pasta, ambaye alikuwa wa upande wa Ngige, alicheka kuliko wote. Ngige alijipangusa uso tena, safari hii haraka.

"Na ingine," Nasimiyu akaendelea, bila hasira. "Ati wewe unauza dawa ya mahindi. Watu wakimaliza kunyunyizia, hizo pampu wanaosha wapi?"

Kila mtu mle ndani alijua wapi. Ngige pia alijua. Kwenye mkebe wa dawa kuna maandishi yanayokataza kuosha pampu mtoni, maandishi madogo ambayo hata siafu angeomba miwani. Katika miaka yake yote nyuma ya kaunta hakuwahi kumsomea mteja hata mmoja.

"Wanaosha mtoni," akasema.

Wanjala alimwambia baadaye kwamba hiyo ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo watu waliiamini.

Lakini Nasimiyu hakuwa amekuja kupinga. Alisema mamake alikuwa akichagua ningu wakubwa tu na kuwaacha wadogo, na sasa yeye mwenyewe ananunua omena, dagaa wa ziwani, wanaoletwa kwa gari, akiwa amekaa kando ya mto. "Mimi sikatai mto ufungwe. Lakini mkifunga, mfungie wote. Nyavu, vikapu, na hizo fimbo zenu. Si mtufukuze sisi halafu mbaki mkicheza."

Wenye fimbo wakaanza kunong'ona. Fimbo haiwezi kumaliza samaki, walisema, ushahidi ni mwenyekiti wao. Wanjala akagonga meza.

"Haya, tupige kula," akasema.

Nyuma kuna mzee aliyeuliza chakula kiko wapi, na watu wakacheka tena. Ngige, ambaye yeye mwenyewe chai huiita shai na hajawahi kurekebishika, hakuwa na haki ya kucheka na hakucheka. Mikono iliinuka kwa wingi. Wake uliinuka mwisho kabisa, macho ya ukumbi mzima yakiwa juu yake. Hivyo ndivyo alivyosaidia kupitisha sheria ambayo yeye aliiomba kwa ajili ya wengine.

Mvua ya masika ilianza. Wanachama wakagawana zamu za kutembea ukingoni kuangalia kama kuna mtu ametega. Ngige alipangiwa Jumamosi mchana pamoja na Wanjala na Nasimiyu. Alikwenda na fimbo yake. Alijiambia ni ya kufanyia mazoezi ya kurusha, maana mkono ukikaa bure unasahau. Aliacha ndoano mwishoni mwa mshipi kwa sababu mshipi mtupu haurushiki vizuri. Akatia na chambo, na kwa hilo la chambo hakutafuta sababu.

Wenzake walitangulia kuelekea kwenye mdomo wa kijito. Yeye akabaki kwenye kona ya mto, maji yakipita mekundu kwa udongo, manyunyu yakimpiga mgongoni. Alirusha. Fimbo ikapinda.

Alidhani ni gunia. Kisha gunia likakimbia. Mshipi ulikata maji kuelekea upande wa pili, ukarudi, ukaenda tena, na Ngige akawa anasema "ngoja, ngoja" kama anayeongea na mteja aliyekasirika. Akamvuta hadi kwenye nyasi. Alikuwa ningu kweli: mwili wa kijivujivu, midomo minene iliyoangalia chini kama ya shangazi aliyepewa mchuzi bila chumvi, na tumbo zito. Ngige hakukumbuka sheria yoyote. Furaha iliyompata hakuwahi kuipata hata siku ya kufungua tawi la duka. Alitoa simu apige picha. Mkono ukawa mfupi. Akajaribu kwa upande, akajaribu kwa kuiegemeza simu kwenye gambuti, na wakati wote huo samaki alikuwa akifungua na kufunga matamvua, mara polepole, mara polepole zaidi.

Ndipo akaona tumbo lile kwa macho ya pili.

Aling'oa ndoano kwa vidole visivyo na akili, akaingia majini, akamshika samaki akiangalia mkondo, kama alivyowafundisha watu mara nyingi kwa midomo tu. "Pumua," akamwambia. "Tafadhali, pumua." Alimshikilia hivyo huku gambuti zikijaa maji, akiomba kama anayemwombea mtu hospitalini. Alipohisi misuli ikikaza mikononi mwake, jiwe alilokanyaga likateleza, naye akazama hadi shingoni. Mkia ulimpiga kwenye kifundo cha mkono, na samaki akaenda.

Alipoinua kichwa, Nasimiyu alikuwa amesimama ukingoni na mwavuli. Wanjala alikuwa nyuma yake, akiitazama fimbo kwenye nyasi.

"Mwenyekiti," Nasimiyu akasema. "Umeanguka?"

"Nilikuwa naangalia kina cha maji."

"Na fimbo?"

Ngige alitafuta jibu, na majibu yalikuwepo, tena mengi. Lakini alikuwa amelowa, kofia yake ilikuwa inaelekea ziwani, na ghafla alijiona vile walivyokuwa wakimwona.

"Nimeshika ningu, Mama Joy," akasema. "Wa kwanza tangu nizaliwe. Nimefurahi mpaka nimesahau kila kitu nilichosema."

"Alikuwa na mayai?"

"Alikuwa nayo."

"Ameenda na nguvu?"

"Amenichapa."

Nasimiyu akamnyooshea mpini wa mwavuli. "Toka kwa maji kwanza. Hayo utawaambia watu kesho."

Aliwaambia, baada ya ibada, amesimama mbele ya ukumbi uleule. Hakupunguza kitu, hata chambo alikitaja. Tonny aliomba kuona picha. Ilionyesha kidole gumba cha Ngige, nyasi, na ncha ya mkia, na Tonny akasema kwa gumba ni picha nzuri. Fimbo ilichukuliwa na kutundikwa ukutani pamoja na nyavu na vikapu vya wengine hadi mto ufunguliwe. Uenyekiti alipewa Nasimiyu. Ngige alidhani wamemaliza naye, lakini mwenyekiti mpya alisema sauti kama ile si ya kutupwa. Akapewa kazi ya kuzunguka mashambani, juu na chini ya maporomoko, kuwashawishi wakulima wachimbe shimo la kuoshea pampu mbali na mto. Na kama mkulima atasema hana nguvu za kuchimba, Ngige achimbe.

Wakulima wengi, ikawa, hawakuwa na nguvu za kuchimba.

Kama ningu wameongezeka, bado watu wanabishana. Wenye nyavu wanasema hakuna mabadiliko, pasta anasema amewaona kijitoni wakirukaruka, na Nasimiyu anasema msimu mmoja haujibu kitu, mto ufungwe tena mwakani, fimbo zikiwemo. Ngige sasa hukaa viti vya nyuma. Akiulizwa, husema hajui, neno ambalo lilimchukua muda kuzoea ladha yake.

Jumamosi moja alikuwa shambani huko Ndalu, juu ya maporomoko, ndani ya shimo lililomfika kiunoni, tope hadi kwenye nyusi, na mwenye shamba, mzee Kipkemei, amesimama juu akila hindi la kuchoma.

"Wewe ni mtu wa serikali?" mzee akauliza.

"Hapana. Mimi ni mtu wa duka."

"Na hizi samaki ambazo unasema ziko huko chini Webuye, unazijua?"

Ngige akaegemea jembe.

"Nimekutana na mmoja," akasema.