Majani ya Mgomba Kwenye Pua ya Ndege

Harufu ya petroli iliyodondokea chuma cha moto huwakera watu wengi. Mimi huwa nasimama niinuse. Juzi pale Omurushaka pikipiki ya mtu iligoma kuwaka saa saba mchana, harufu ile ikanijia, na wenzangu walipokuwa wanaziba pua mimi nilikuwa nimesharudi kwenye uwanja wa nyasi wa Nyabiyonza, nina miaka tisa, namngoja baba.

Ulikuwa uwanja wa ndege kwa jina tu. Siku nyingi ulikuwa malisho, na ndege ndogo ya wagonjwa ilipokuja, mara chache sana, tulifukuza ng'ombe kwanza ndipo itue.

Siku hiyo ilikuja kwa ajili yetu. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa kule Ihembe, na ile henia aliyoishi nayo miaka mingi ilikuwa imebana, hairudi tena ndani. Mganga wa zahanati aliongea na hospitali kwa redio, kisha akamwambia mama bila kuzunguka: asipopasuliwa leo kabla ya giza, utumbo utaoza. Mama akaenda na majirani kumchukua baba kwa engozi, machela yetu ya kusukwa ambayo wanaume huibeba mabegani kwa kupokezana. Mimi na Shangazi Daforoza tulitumwa uwanjani na furushi la nguo.

Ndege ilifika kabla ya baba. Rubani, bwana mnene wa Mwanza aliyeitwa Maganga, alizima injini, akauliza mgonjwa yuko wapi. Akaambiwa bado kilima kimoja.

"Basi ninywe maji," akasema, akaondoka na mganga kwenda zahanati.

Jua lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua. Kwetu mgeni akifika, baiskeli yake haiachwi juani. Huingizwa kivulini, na kama kivuli hakipo, hufunikwa. Shangazi aliitazama ndege kwa huruma.

"Maskini, angalia pua inavyoungua," akasema.

Salumu mwenye duka alikuwa ameegesha lori lake ukingoni mwa uwanja aangalie ndege. Shangazi akaazima kwake magunia mawili matupu ya kahawa, tukaifunika pua yote, tukaibana vizuri kama tunamfunika mtoto mwenye homa.

Kisha mimi nikaona mashimo. Mawili yalikuwa mbele, kushoto na kulia kwa panga boi la ndege, na moja pana lilikuwa chini, injini inapoishia. Nyumbani kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakikuachwa mdomo wazi hata kidogo. Kazi ya kusokota majani makavu ya mgomba na kuziba mdomo, nzi wasiingie, ilikuwa yangu, na niliiweza. Nikaokota majani pembeni mwa uwanja, nikasokota, nikaziba yote matatu. Nyigu asingepata pa kupita. Niliridhika sana.

Baba alifika amekunja magoti, uso umekuwa wa kijivu. Rubani alirudi mbio, akayaona magunia.

"Nani amemvalisha mwanangu koti na jua lote hili?"

Watu wakacheka. Akavuta magunia, akachomoa majani ya mashimo mawili ya mbele, akayatupa. Nikangoja ainame achomoe na la chini. Hakuinama. Baba alikuwa anaguna, na upande wa magharibi wingu lilikuwa limeshasimama. Wakamlaza baba nyuma ya kiti, mama akakaa sakafuni kando yake.

Panga lilizunguka, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akajaribu tena. Mara ya tatu panga lilizunguka polepole, kwa kulazimishwa, na petroli ikaanza kudondokea chuma cha moto hadi kwenye nyasi. Hapo ndipo nilipoijua ile harufu.

Rubani akashuka, anafuta jasho.

"Tuisukume!" Salumu akasema. "Lori langu likigoma tunalisukuma tu."

"Lako husukumwa kila wiki, Salumu," mtu akamjibu, "ndiyo maana mke wako amenenepa mikono."

"Ndege haisukumwi ikawaka, mzee," rubani akasema. "Petroli imechemka ndani ya mabomba. Pampu inavuta mvuke, haivuti petroli. Na mimi nimeharakisha, nimeimwagia nyingine juu."

"Tuimwagie maji, basi."

"Chuma cha moto namna hii kitapasuka. Betri imebaki na pumzi moja, labda mbili. Tungoje ipoe."

Kuambiwa ngojeni wakati baba anaguna ndani! Wanaume waliigeuza pua ikaangalia upepo. Rubani akafungua kijimlango cha juu ya injini, akaweka kiganja juu yake. Akangoja. Akaweka tena. Mama alituchungulia dirishani.

"Mbona joto halitoki?" rubani akajiuliza. "Upepo unaingia mbele, unakwama wapi?"

Mimi nilijua unakwama wapi. Nilikuwa mtoto ambaye akitumwa dukani hurudi mikono mitupu kwa kushindwa kuomba. Watu walikuwa kama hamsini. Nilimtazama shangazi, anasali. Nikatembea hadi kwa rubani.

"Shikamoo," nikasema, ingawa nilishamwamkia alipotua.

"Marahaba, mama. Unasemaje?"

"Na chini."

Akanitazama, akapiga magoti, akaingiza mkono. Alipoutoa ulikuwa umeshika lile jani langu, limeanza kuungua ukingoni. Akaligeuza, akalitazama tena shimo. Kisha akasimama, akawageukia watu.

"Kosa langu," akasema kwa sauti. "Sikukagua chini."

Joto lilitoka chini tukalisikia miguuni. Baada ya muda alipanda. Baba, aliyelala nyuma yake, ndiye aliyetusimulia baadaye alivyofanya: alifunga petroli kabisa, akafungua hewa yote, akazungusha, na injini iliposhtuka ndipo akairudishia petroli kidogo kidogo, akiibembeleza kwa Kisukuma. Iliwaka. Waliruka matone ya kwanza ya mvua yakianguka, na baba akapasuliwa jioni ileile. Alirudi kwa basi baada ya wiki tatu, amekonda, anadai ndizi.

Kwa miaka niliamini kosa langu lilikuwa kumchelewesha baba. Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia fundi akieleza kwamba injini ya ndege hupozwa na upepo unaoingia mbele na kutokea chini. Ndipo nikaelewa. Kama ingewaka mara ya kwanza, wangeruka na jani langu ndani, na injini ingechemka juu ya vilima, baba na mama wakiwa humo. Ule ugumu wa kuwaka tulioulaani wote ndio uliowabakiza ardhini mpaka nikapata sauti.

Rubani alilijua hilo palepale, amepiga magoti. Utotoni nilidhani alisema "kosa langu" ili kunificha mimi, na nilimpenda kwa hilo. Sasa nadhani hakuwa ananificha. Kuinama na kukagua chini ilikuwa kazi yake, na alisema hivyo mbele ya watu wote.