Mama Feni na Kompyuta ya Mdogo Wake

Watu wa mtaani walimwita Mama Feni, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala hakuuza feni. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la dawa, na kutwa nzima humo zilivuma feni ndogondogo za kompyuta alizozitengeneza, hata mpita njia angedhani kuna mzinga wa nyuki. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Macho yalikuwa yameanza kumchezea shere, kwa hiyo alivaa miwani mbili: moja ya kutazamia watu, nyingine ya kutazamia skrubu.

Jumamosi moja mchana mlango ulisukumwa, akaingia mdogo wake wa kiume. Huyu alikuwa mpima ardhi. Kazi ilikuwa imemzungusha huku na huko kwa miaka ishirini na ushei, na sasa ndiyo kwanza amehamishiwa ofisi ya karibu, mvi zimemjaa kidevuni.

"Hodi, Dada."

"Karibu. Leo umekumbuka njia?"

"Nimekuja na shida."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nataka kompyuta ya gemu."

Mama Feni akavua miwani zote mbili, akacheka mpaka akashika mbavu. Mpima ardhi hakucheka. Alitoa simu akamwonyesha picha ya kompyuta iliyokwisha kuungwa dukani, ubavu wake wa kioo, ndani mataa ya kila rangi.

"Inawaka kama bibi harusi," alisema kwa fahari.

"Ndani ina nini?"

"Ndani ina..." Akaitazama tena ile picha. "Ina taa."

"Taa haziendeshi gemu, mdogo wangu. Hii ukiifungua utakuta pawasaplai ya kulialia isiyotosha kugawa umeme, na bodi isiyo na pa kuongezea hata sindano. Ya Baba umeisahau?"

Hakuwa ameisahau. Nani angeisahau?

Baba yao alikuwa karani wa ghala. Siku moja alirudi kutoka kazini na kompyuta kwapani, moja ya zile zilizotolewa ofisi ilipobadilisha vifaa. Kasha lake lilikuwa jembamba, la kulalia mezani, na Mama aliwahi kulifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofanya kwa redio na kabati. Baba alisema ni ya kuandikia barua. Barua yenyewe haikuandikwa hata moja. Watoto waligundua ndani yake gemu la mbio za magari, na kuanzia hapo Baba akawa mgeni kwenye kiti chake mwenyewe.

Kibodi ilikuwa moja na wao wawili, na hakuna aliyekubali kungoja zamu. Basi wakagawana gari: dada alishika vitufe vya usukani, mdogo wake akashika mafuta na breki.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Breki, wewe! Breki!"

Gari likatumbukia bondeni, na Mama akapiga kelele kutoka jikoni kwamba atakayemwumiza mwenzake atamtambua.

Kisha likaja gemu jipya, la magari yaliyong'aa mpaka unaona mawingu kwenye boneti. Kompyuta ya Baba ikashindwa kulibeba. Dada, wakati huo ana miaka kumi na minane, alisuka watu nywele likizo nzima, akanunua kadi ya picha ya kuipa mashine nguvu ya kulionyesha. Alipofungua kasha, kadi haikuingia. Tundu lake halikuwepo, na pawasaplai ilikuwa ya umbo la mashine ile peke yake, haikuuzwa popote. Alikaa sakafuni ameshika tama, kadi mapajani, mdogo wake amesimama kando. Lakini kasha hakulifunga. Alibaki akilichunguza, akifuata waya mmoja mmoja unakokwenda, mpaka Mama akamwita mara tatu aje kula. Ufundi wake ulianzia hapo sakafuni.

"Una kiasi gani?" alimwuliza sasa.

Mpima ardhi akamtajia.

"Zitatosha. Ila taa uzisahau."

Wiki nzima iliyofuata Mama Feni alizunguka maduka kama anatafuta mchumba. Alichagua kasha la bati lisilo na urembo, tumbo pana. Alichukua bodi yenye matundu manne ya memori, akajaza mawili tu. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya kati, lakini bodi ile ingeweza kupokea kubwa zaidi siku mdogo wake akijaliwa. Kwenye pawasaplai hakuwa na mkono wa birika hata kidogo. "Hii ikiharibika," alisema, "inaondoka na wenzake." Kadi ya picha alinunua iliyotumika, kwa mteja anayemfahamu, na kabla ya kutoa hela aliiendesha saa mbili kwa gemu zito, sikio ameliinamishia feni kama mkunga.

Jumamosi wakaiunga pamoja. Mpima ardhi alikunja mikono ya shati, akaambiwa aguse bati kwanza asije akaunguza kitu kwa umeme wa mwilini. Akaweka memori. Akabana skrubu. Walipowasha, feni zilizunguka lakini skrini ikabaki giza.

"Tumeiua," alisema, jasho linamtoka.

Mama Feni alizima, akaingiza vidole ndani, akaguna. "Memori umeiweka kama unalaza mtoto. Isukume!" Akaikandamiza hadi ikalia *ka!* Wakawasha tena, na safari hii chumba kizima kikapata mwanga.

Mpima ardhi alikuja na gemu la magari. Alikaa mbele ya kibodi, akasita, kisha akajisogeza upande mmoja wa benchi. Mama Feni akaketi. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye usukani.

"Kanyaga," alisema.

"Nimekanyaga."

Baba na Mama walikuwa wamekwisha tangulia, na katika nyumba yao ya utotoni wanaishi watu wengine. Kona ya tatu wakaanguka bondeni. Walicheka kwa kelele hadi mwuza dawa akagonga ukuta kuuliza kama kuna ugomvi.

Tangu siku hiyo, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mama Feni huenda kwa mdogo wake. Mwaka wa pili waliongeza memori. Wa tatu wakabadilisha kadi ya picha, na ile ya zamani ikachukuliwa na wifi yake, mke wa mpima ardhi, aliyeanza kwa kuwacheka na sasa ana kompyuta yake chumba cha pili na hataki kusumbuliwa.

Jumapili iliyopita mpima ardhi alikuwa ametoka kupima mashamba siku tano mfululizo. Katikati ya mbio kidevu kikaanguka kifuani, akakoroma. Mama Feni alimtazama, akapunguza sauti, akaivuta kibodi polepole upande wake. Akaendesha peke yake, usukani, mafuta na breki. Akamaliza wa nne.