Kikombe Nilichokunywa Ukweni

Admin, jina langu lisitoke. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, binti wa mwanajeshi, nimekulia kambini Mbuya na sasa naishi mjini, Makindye, na mume wangu. Kazi yangu ni kupima maji. Kwenye machimbo ya dhahabu, zebaki, ile sumu ya kusafishia dhahabu, imeingia hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Mradi wetu unayavuta na kuyachuja, mimi napima kama yanafaa kunywa. Ni kazi ya miaka.

Mwaka jana mradi ulifika kijijini kwa kina mume wangu. Niliwaambia wanakijiji kwa mdomo wangu: maji ya kisima ni ya kufulia tu, ya kunywa yataletwa na lori. Baada ya miezi michache yakaanza kutoka meupe kabisa, lakini vipimo bado vilikuwa vibaya. Siku hiyo nikapita kwa mama mkwe kumsalimia. Majirani walikuwa wamejaa uani. Akaniletea kikombe cha maji, na lori lilikuwa halijafika siku tatu. Nilijua yametoka wapi.

"Kunywa, mwanangu. Ama maji yetu inakushinda?"

Jamani, mimi ni wa kabila lingine, miaka sita natafuta kupendwa nyumba ile. Ningemrudishia vipi kikombe mbele za watu? Nikanywa chote, nikashukuru. Nilijiambia kikombe kimoja hakiui.

Kumbe wote walikuwa wananitazama. Mwezi uliofuata mke wa shemeji yangu, ambaye tunaitana dada, mimba yake ikatoka ikiwa na miezi sita. Nilikwenda kumpa pole. Mama mkwe akaniambia bila ubaya wowote, "Lori tuliacha kungojea. Tangu ile siku ulikunywa, sisi wote tunakunywa."

Kesho yake nikafunga kisima kwa kufuli, nikadanganya kwamba pampu imeharibika. Kusema ukweli kulinishinda.

Daktari hakusema ni maji. Hakusema pia si maji. Lakini pale nyumbani wameshaamua: eti dada alibeba jerikeni nzito ya maji, eti alikatazwa hakusikia. Mume wake hamsemeshi. Na dada mwenyewe ameamini.

Juzi alinipigia analia. "Dada, wewe umesoma. Ni mimi niliua mtoto wangu?"

Nilikata simu. Mume wangu akauliza nani, nikasema namba imekosewa.

Nikisema, ukweni nimekwisha. Nikinyamaza, yule dada anabeba mzigo wangu. Nishaurini, ndugu zangu, maana leo amepiga tena mara mbili na sijapokea.