Masikio ya Kilemba cha Madawaki

Farasi aliowachora Shekarau walisimama kama meza. Yeye mwenyewe alilijua hilo kabla mtu yeyote hajalisema. Kilichomuuma ni kwamba wa kwanza kulisema alikuwa Barau.

Alianza kazi kwa kuchora vichwa kwenye mbao za vinyozi, akaenda kwenye milango ya malori, kisha akazipata nyuso. Mahaji waliorudi Makka, watu wa vyeo, wazee waliokufa na kuacha picha moja ndogo iliyopauka: walimletea, naye akazitoa nyuso hizo ubaoni hadi wajane wakalia mbele yake. Kwa miaka ishirini, katika mji wa Birnin Dallaje ukisema mchoraji, umesema Shekarau.

Kisha Barau akarudi kutoka Jos, alikokwenda angali mdogo, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango.

Barau alikuwa mtoto wa shangazi yake. Na watoto wa kaka na dada ni watani. Kila mmoja humwita mwenziwe mtumwa, humpokonya kofia sokoni, na anayenuna ndiye mwenye makosa.

"Mtumwa!" Barau alimwita siku ya kwanza, watu wakisikia. "Hii meza umeiwekea mkia wa nini?"

Watu wakacheka. Shekarau naye akacheka, maana ndiyo desturi.

Lakini farasi wa Barau, ewe! Siku ya sikukuu wapanda farasi huja mbio hadi mbele ya Sarki, mfalme wa mji, kisha huvuta hatamu hatua chache tu kabla ya kumfikia, ngumi juu. Barau alichora pale pale pa kuvuta: shingo imejikunja, povu mdomoni, miguu ya nyuma imezama vumbini. Mpita njia alijikuta amesogea pembeni. Shekarau alikuwa akiketi kibandani mwake anawahesabu waliosogea, na kila mmoja alimwongezea kijiba cha roho.

Mwaka ule Sarki alichagua Madawaki mpya, bwana wa farasi wote, na kasri likataka picha yake juu ya farasi, ifunuliwe siku ileile ya kuvishwa kilemba cha cheo. Kazi hiyo Shekarau alikuwa akiiota tangu enzi za mbao za vinyozi. Alipomwona mjumbe wa kasri anakuja, alisimama, akavaa kofia yake nzuri, akamwita mkewe Delu alete njugu za kola za kumkaribishia mgeni.

Mjumbe akavuka barabara.

Delu alibaki na sahani ya kola mkononi. "Malam, nizirudishe?"

"Ziache," akasema. Akazitafuna zote peke yake, chungu kwelikweli.

Kwa siku sita alijizuia. Ya saba akavuka, eti anaazima brashi nyembamba. Watu watatu walikuwa wamekaa pale wakitazama kazi. Shekarau alimtazama farasi kwanza. Hakukuwa na cha kusahihisha. Akapandisha macho hadi kwenye uso, ambao ulikuwa wa kawaida tu, akafarijika kidogo. Akapandisha tena hadi kwenye kilemba. Hapo moyo wake ukaruka.

Picha aliyopewa Barau ilimwonyesha Madawaki na kofia tu. Kilemba hakuwa amevishwa bado. Basi Barau alikibuni, akaiga cha mtoto wa Sarki kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Juu yake zilisimama ncha mbili za kitambaa kama masikio. Na masikio hayo ni ya damu ya Sarki peke yake. Madawaki, na ukubwa wake wote, si wa damu hiyo. Aliyekulia Dallaje analijua hilo tangu anyonye, ila Barau ujana wake aliumalizia kwenye malori ya Jos.

Shekarau angeweza kumshika mkono, akamvuta nyuma ya kibanda. Maneno matatu yangetosha. Badala yake akainua sauti, akachekelea.

"Mtumwa, umempa Madawaki baba mpya! Tangu lini akawa mwana wa Sarki? Futa masikio hayo kabla hawajayakata ya kwako!"

Wale watatu wakaangua kicheko. "Anaona gere huyo!" mmoja akasema.

"Mwache," Barau akajibu, akifuta machozi ya kicheko. "Amekosa kasoro kwenye farasi, sasa anang'ang'ania kitambaa. Chukua brashi yako, mtumwa, ukachore meza."

Shekarau akachukua brashi.

Nyumbani Delu alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ulimwambia."

"Nilimwambia. Watu watatu walisikia."

"Ulimwambiaje?"

Akaenda kunawa rangi mikononi.

Siku ya kilemba, shuka iliyofunika picha ilivutwa mbele ya baraza zima. Waliokuwa karibu wakanyamaza, na ukimya ukaenea hadi nyuma. Madawaki aliinamisha uso. Mzee mmoja wa baraza akasema taratibu, "Igeuzeni itazame ukuta." Ikageuzwa.

Barau alivua kofia. Shekarau, aliyesimama na watazamaji, alisubiri furaha imjie. Ilikuwa inakuja kabisa, alipomsikia Barau akisema:

"Kosa ni langu. Binamu yangu Shekarau alinionya mbele ya watu, nikadhani ni utani. Mwenye macho ni yeye."

"Basi mwenye macho na achore," akasema mzee.

Ndivyo alivyoipata kazi ya maisha yake: kutoka kinywani mwa Barau.

Uso ulimchukua siku moja. Haujawahi kutoka mkononi mwake uso kama ule. Kilemba, hakikuwa na sikio hata moja. Lakini farasi alisimama kama meza. Akamkwangua, akamchora tena, akasimama vilevile. Mara ya tatu kivuli kikaanguka ubaoni. Barau alikuwa mlangoni.

"Mtumwa," akasema, "meza iko tayari, iliyobaki ni sahani tu." Kisha akatazama huku na huku, hapakuwa na mtu, na sauti ikamshuka. "Siku ile ungenishika mkono tu."

Shekarau aliendelea kusafisha brashi iliyokwisha kuwa safi.

Barau akaokota mkaa. Mistari minane, labda tisa: shingo ikajikunja, miguu ya nyuma ikazama. "Rangi weka wewe," akasema, akavuka barabara.

Shekarau aliukaribia ubao na kitambaa cha kufutia. Mwishowe akakiweka chini, akafungua kopo la rangi ya kahawia.

Picha iko kasrini hadi leo, na jina la Shekarau pembeni. Kila sikukuu watu husongamana chini yake. Hakuna anayetaja uso. "Tazama farasi!" wanasema, na wa mbele husogea pembeni kidogo. Naye huwa nyuma yao, anawahesabu, roho ikimuuma vilevile kama zamani.

"Malam," kijana mmoja alimuuliza, "farasi huyu ulimtoa wapi?"

"Kwa mtumwa wangu, pale ng'ambo ya barabara," akasema Shekarau.

Wote wakacheka. Hawaachi utani, hawa mabinamu.