Simu Iliyompongeza Mgonjwa

Wateja walimwita Mama Vipimo, kwa sababu alikuwa akikutupia jicho mara moja tu anajua kiuno chako, na ukijidai umepungua anakucheka usoni. Kwa miaka ishirini alishona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani dirishani, mabaki ya vitambaa hadi chini ya meza. Macho hayo hayo ndiyo yaliyoona, kabla ya mwalimu yeyote, kwamba binti yake wa pekee anakwisha.

Majirani walisema mtoto anadeka. Shemeji yake alikuja na dawa moja tu, fimbo, akaonyeshwa mlango. Mama Vipimo alizunguka hospitali tatu mpaka akapata mtu wa kumwambia kwamba kuogopa chakula ni ugonjwa, unatibika, na kwamba yuko daktari mji wa mbali atakayemtibu binti kwa simu. Kila Jumatano wangeonana kwenye kioo cha simu. Kila asubuhi binti angejipima uzito na kuuandika kwenye programu ya simu ya kliniki ya daktari huyo. Mama alipewa sharti moja: asichungulie simu, asije akamtia mtoto hofu. Akatii.

Asubuhi ya pili simu ikapiga makofi.

"Nini hicho?" aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Kliniki inanipongeza, mama."

Alimshukuru Mungu kwa sauti, akashona siku nzima huku akiimba. Makofi yakaendelea kwa wiki sita. Na katika wiki hizo hizo alibana sketi ya shule ya binti mara tatu, akijiambia kwamba ugonjwa hautoki kwa siku moja. Fundi anayejua kiuno cha kila mwanamke mtaani, akaacha kuyaamini macho yake kwa sababu ya kelele za simu!

Mara ya nne hapakuwa tena pa kubana. Zipu na mfuko vilishagusana.

"Lete simu," alisema. Binti akasita, kisha akaileta. Kwenye kioo kulikuwa na maua, na chini yake maneno: "Hongera! Umepungua tena. Endelea hivyo hivyo!"

Damu ikamchemka. Akapiga simu kliniki papo hapo. Karani akamjibu kwa utulivu wa kuudhi kwamba programu ilitengenezwa kwa wanaotaka kupunguza unene, lakini ndiyo hiyo waliyonayo, na wagonjwa wote wa mambo ya kula wanapewa hiyo hiyo.

"Makofi hayazimiki, mama."

"Hayazimiki? Mwanangu ndiye anayezimika!"

Ilikuwa Jumatano. Daktari alipotokea kwenye kioo alikuwa anatabasamu. "Naona alama ya kijani kila siku. Binti anajitahidi sana."

"Hiyo kijani inasema nini, daktari?"

"Kwamba anaandika uzito wake bila kukosa."

"Na uzito wenyewe umeusoma?"

Mama Vipimo akaigeuza sketi ndani nje, akaisogeza karibu na simu mpaka matundu ya sindano yakaonekana, mstari kwa mstari, kila mmoja ndani zaidi ya uliotangulia. "Soma hii basi. Mimi mshonaji nimeiona, wewe uliyesomea unatazama rangi!"

Daktari akavua miwani. Alibonyeza kitu, akasoma, na tabasamu likamtoka. "Hili ni kosa letu, mama. Mpeleke hospitali ya karibu leo hii, nawapigia sasa hivi wamsubiri. Na nisamehe."

"Usiniombe mimi. Mwombe yeye."

Binti akaja, akakaa kwenye kigoda cha wateja, mikono ameificha ndani ya sweta ingawa jua lilikuwa kali. Daktari akamweleza yote bila kuficha: pongezi zile zilikuwa za wanaotaka kupunguza unene, si za mgonjwa kama yeye, kliniki ilikosea, na wala hakuna anayemlaumu. Binti alimsikiliza hadi mwisho, macho kavu.

"Siku moja nilikula nikashiba," alisema. "Kesho yake simu ikanyamaza. Nikajua nimeharibu matibabu. Nikaacha kula, daktari, ili nipone."